Ndege wa Pwani: Njia Nne za Kuwaona Ukianzia Biashara Street

Biashara Street inajulikana kwa leso, na leso yenyewe ina jina la ndege. Inasimuliwa kuwa vitambaa vya mwanzo vilikuwa na madoa meupe mithili ya manyoya ya kanga, na jina hilo likabaki. Lakini mnunuzi akiinua macho leo, ndege anayejaa juu ya nyaya na mapaa ni kunguru wa Kihindi, yule mweusi mwenye shingo ya kijivu. Ni rahisi kudhani kuwa Mombasa haina ndege mwingine.

Sivyo. Pwani ya Kenya ina hata ndege asiyepatikana popote pengine duniani, na safari ya kwenda kumtafuta ni ya siku moja kwa matatu. Makala haya yanaeleza njia nne za kutazama ndege ukianzia katikati ya mji, wakati unaofaa, na jinsi taka tunazotupa zinavyoamua ni ndege gani watabaki nasi.

Wakati wa kwenda

Ndege wengi wa ufuoni ni wageni. Huzaliana kaskazini mwa Ulaya na Asia, hadi Siberia, kisha huja kwetu kukimbia baridi. Huanza kuwasili mwezi Agosti na wengi huondoka ifikapo Aprili. Msimu wa kaskazi ndio huwa na ndege wengi zaidi.

Jambo la pili ni maji. Maji yakipwa, ndege hutawanyika mbali kwenye matope wakitafuta kaa na minyoo. Yakianza kujaa, husogezwa karibu na nchi kavu, na hapo huonekana vizuri. Muulize mvuvi saa ya maji kujaa kabla ya kufunga safari. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda zaidi na ndege husogea zaidi. Kwa ndege wa msituni, saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza ndizo bora.

Njia ya kwanza: kisiwani kwa miguu

Vuka Digo Road, pita Mji wa Kale hadi Fort Jesus. Juu ya majumba ya zamani tazama mbayuwayu na teleka wakizunguka kwa kasi, na mwewe akielea juu zaidi. Kwenye mwamba ulio chini ya ngome, maji yakiwa yamepwa, hutua yangeyange na shakwe. Endelea hadi Mama Ngina, kwenye mibuyu ya kale. Chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, hufuata maua ya bustani. Matembezi haya hayahitaji nauli na yanawafaa watoto wa shule.

Njia ya pili: Nyali na Bamburi

Matatu za kuelekea Mtwapa hupita karibu na Haller Park. Eneo hili lilikuwa timbo la kuchimba mawe ya saruji, jangwa la mwamba mtupu. Kuanzia mwaka 1971, mtaalamu René Haller aliongoza kazi ya kupanda mivinje, miongoni mwa miti michache iliyoweza kuota pale. Majani yake makavu hayakuwa yakioza, hivyo jongoo waliletwa wayatafune na kuyageuza kuwa udongo. Leo kuna msitu, mabwawa ya samaki, korongo, mdiria na makundi ya kwera wakisuka viota juu ya maji. Si mbali na hapo kuna hifadhi ya Nguuni, yenye mbuni na ndege wa majini, ambayo hupendeza jioni.

Njia ya tatu: Shimba Hills

Vuka kivuko cha Likoni, ambapo anayekwenda kwa miguu halipi, kisha panda matatu ya Kwale. Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, iko kiasi cha kilomita 33 kutoka Mombasa. Msikilize hondohondo, ambaye sauti yake hutangulia mwili. Chini ya miti hupita kororo, kanga wa msituni mwenye kishungi cha manyoya meusi. Malipo ya mlangoni hufanywa kupitia eCitizen, kwa hivyo yakamilishe kabla ya safari na ubebe kitambulisho.

Njia ya nne: Mida na Arabuko-Sokoke

Hii ndiyo njia ndefu, na ndiyo yenye hazina kubwa. Matatu za Malindi hukushusha Gede, kaunti ya Kilifi, kiasi cha kilomita 100 kutoka mjini. Upande mmoja wa barabara kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, uliosalia kutoka msitu mkubwa uliowahi kufunika ukanda wa Pwani. Humo anaishi bundi wa Sokoke, ndege mdogo ambaye nje ya Kilifi anajulikana tu katika milima ya Usambara, Tanzania. Kwera wa Clarke ni adimu zaidi: anapatikana Kilifi pekee, katika msitu huu na katika misitu ya Dakatcha. Chukua mwongozaji wa pale. Bila yeye, bundi huyo unaweza kumpita hatua mbili usimwone.

Upande wa pili wa barabara ni hori la Mida. Huko kuna njia ya mbao inayopita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia. Maji yanapojaa, tafuta ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa.

Kunguru na taka zetu

Kunguru wa Kihindi si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 kusaidia kusafisha mji, na kufikia mwaka 1947 alikuwa ameonekana Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, hunyakua vifaranga vya kuku na huharibu matunda. Mnamo Januari 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kupunguza kunguru hao kwa milioni moja.

Sumu pekee haitoshi. Kunguru huzaa kulingana na chakula anachokipata, na chakula chake kikuu mjini ni mabaki yetu. Chini ya Katiba, wanyamapori ni jukumu la serikali ya kitaifa, lakini uzoaji wa taka ni jukumu la kaunti, na taka huanzia kwa mkaazi. Hatua hizi zinasaidia:

- Funika pipa la taka, na usitoe mifuko nje usiku uliotangulia siku ya kuzolewa.
- Wauza samaki na nyama wasitupe matumbo barabarani wala ufuoni.
- Vifaranga wafugwe ndani ya banda lenye wavu.
- Usitege sumu mwenyewe. Sumu ya kiholela huua mwewe, paka na hata kuku wa jirani. Kazi hiyo ni ya wataalamu wenye kibali.
- Usimchanganye na kunguru wa kwetu, mwenye kifua na shingo nyeupe. Huyo ni mwenyeji na hapaswi kuuawa.

Panapokosekana mabaki, kunguru hupungua, na chozi na kwera hupata nafasi ya kulea makinda yao hadi kwenye bustani za mjini. Anayetaka kuanza anahitaji viatu vya kutembelea, maji ya kunywa na darubini ya kuazima. Njia ya kwanza inaanzia ng'ambo ya Digo Road.