Balbu ya Simu Haiokoi Betri

Nimeulizwa tena, safari hii na mwenye duka wa Lowarengak, kando ya Ziwa Turkana: anunue balbu gani ya kuwashwa kwa simu ili betri yake ya sola ifike alfajiri? Balbu hiyo ndiyo itakayoimaliza betri.

Tupige hesabu. Balbu moja ya LED ya wati 5 ikisahauliwa saa nane za usiku, umepoteza wati-saa 40. Hizo ndizo unazotaka kuokoa. Sasa angalia gharama yake. Balbu ya simu ikizimwa hailali. Inangoja amri, na kungoja huko hula karibu nusu wati. Balbu nne, saa 20 kwa siku: wati-saa 40. Akiba imekwisha. Bado ruta inayopeleka amri hiyo, wati 6 usiku na mchana: 144. Na kwa kuwa balbu nyingi za aina hiyo ni za volti 240, inveta haiwezi kuzimwa, nayo hata bila mzigo hula kama wati 8: 192. Jumla 376, ili kuokoa 40! Paneli ya wati 100, hata kwa jua la Turkana, ukitoa joto na hasara za njiani, hukupa takriban 400 kwa siku.

“Lakini boksi linasema inaokoa asilimia 85.” Linalinganisha wati 9 za LED na wati 60 za balbu ya zamani ya waya. Simu haina mchango wowote hapo. Akiba hiyo mliipata siku mlipofunga LED, na inaniudhi kuona pesa ya samaki ikiilipia mara ya pili. Nairobi hesabu ni nyingine, maana stima inatoka kwenye nguzo. Mitambo 365 ya upepo iliyo ng'ambo ya ziwa, Marsabit, hupeleka umeme wake Suswa, kwenye gridi ya taifa, si kwako. Wewe unategemea paneli yako.

Unataka taa zijiwashe? Huenda kifaa unacho ukutani. Kontrola nyingi ndogo za sola hutumia paneli kama jicho: jua likizama volti zake hushuka, taa zinawaka. Chagua idadi ya saa, zitajizima. Funga balbu za volti 12 kwenye tundu lenye alama ya balbu. Inveta usiifunge hapo, na izime usipoihitaji. Mlangoni, sensa ya mwendo ya volti 12. Chumbani, swichi karibu na kitanda. Betri ikae kivulini penye hewa, kwa sababu betri ya asidi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Taa zikizidi kukatika mapema, mwambie fundi aipime betri yenyewe, na usikubali airuke kontrola: inakata taa ili betri isiishe chaji kabisa.