Maumivu ya mgongo: Lini kisu, lini subira?

Mtu akiambiwa kuwa diski ya mgongo wake imetoka mahali pake, fikra humwendea kwenye mambo mawili: kisu na kupooza. Baadhi huikimbia hospitali kwa khofu hiyo. Wengine, wakiwa wamechoshwa na maumivu, hutaka wapasuliwe hima. Wote wawili wanahitaji kuielewa kwanza maradhi yenyewe.

Kuanzia shingoni hadi kiunoni, mtu ana pingili 24 za uti wa mgongo. Baina ya nyingi kati ya hizo umo mto laini uitwao diski, unaopokea mishtuko ya mwili. Ukipasuka, kiini chake huweza kuchomoza na kubana mshipa wa fahamu. Ndipo maumivu hushuka takoni, pajani, hata unyayoni.

Ndugu msomaji, wengi wa wagonjwa hawa hupata nafuu bila ya upasuaji, aghalabu katika wiki 6 hadi 12, kwani mara nyingi kipande kilichochomoza husinyaa chenyewe. Tiba yao ni dawa za maumivu kwa muda mfupi na kwa maelekezo ya daktari, maana zikitumiwa kiholela hudhuru tumbo na figo. Kisha mazoezi ya viungo na kuendelea kutembea. Kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli, na kukanyagwa mgongo huweza kuongeza madhara. Anayeumia akirukuu na kusujudu, ana ruhusa ya kuswali ameketi.

Upasuaji huzungumzwa pale maumivu ya mguu yanapodumu licha ya tiba, au mguu unapozidi kulegea, na kipimo cha MRI kikaafikiana na dalili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka Uholanzi ulionesha kuwa waliopasuliwa mapema walipoa haraka zaidi, lakini baada ya mwaka 1 hali zao zilikaribiana na za walioanza kwa kusubiri, ingawa baadhi ya hao nao hatimaye walipasuliwa.

Hata hivyo, ipo hali isiyotaka subira. Mgonjwa akishindwa kukojoa, haja ikimtoka bila kujua, akipata ganzi sehemu za siri, au miguu yote miwili ikilegea, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Hapo kuchelewa kwa saa chache kwaweza kumwachia ulemavu wa maisha.

Vilevile, maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda yasidharauliwe. Kifua kikuu hushambulia pingili pia, na wengi hutibiwa kwa dawa za miezi kadhaa bila ya kisu, iwapo watawahi.

Basi familia isimharakishe mgonjwa wala isimzuie. Imsindikize kwa daktari na imuulize: ni nini kinachobana mshipa, tusubiri hadi lini, na dalili gani ziturudishe mapema?