Mikanda ya Kunyanyulia Mizigo Mizito: Namna ya Kuichagua na Kuitumia kwa Usalama

Katika vyama vya msingi vya Musoma, Bunda na Butiama, siku ya kuwasili kwa mashine ni siku ya furaha. Injini ya kinu, pampu ya kumwagilia au mtambo wa kuchambua pamba huwa ni matunda ya michango ya wanachama ya misimu mingi. Lakini saa ya kuishusha mashine hiyo kutoka katika lori ndiyo saa ya hatari kubwa kuliko zote. Mkanda ukikatika, mali ya Chama huharibika kwa dakika moja. Na aliye chini ya mzigo hana nafasi ya kukimbia. Makala haya yanaeleza mambo ambayo kila katibu na kila mwanachama anayehusika na kazi hiyo yampasa ayafahamu.

Aina za mikanda

Zamani mizigo ilinyanyuliwa kwa kamba za mkonge, kwa minyororo na kwa kamba za waya. Baada ya nailoni kutangazwa Marekani mwaka 1938, na nyuzi za poliesta kuvumbuliwa Uingereza mwaka 1941, ilianza kutengenezwa mikanda ya nyuzi hizo, ambayo mafundi wengi huiita slingi. Mikanda hii ni myepesi, haikwaruzi rangi ya mashine, wala haishiki kutu. Ipo mikanda bapa iliyofumwa, yenye macho katika ncha zake. Na ipo ya mviringo isiyo na mwisho, ambayo nyuzi zake za kubeba zimefichwa ndani ya ala ya kitambaa.

Poliesta hurefuka kidogo tu inapobeba mzigo, na kwa hiyo yafaa kwa kazi nyingi. Huvumilia asidi nyingi, lakini huharibiwa na kostiki soda na vitu vya jamii ya magadi makali. Nailoni ni kinyume chake: huvumilia magadi, lakini huliwa na asidi, kama ile ya betri. Tena nailoni hurefuka zaidi, na ikilowa maji nguvu zake hupungua. Aina zote mbili zisitumike mahali penye joto lipitalo digrii 100 za Selsiasi. Polipropilini, ambayo ni aina ya tatu, isipite digrii 80.

Kusoma lebo

Kila mkanda halali una lebo iliyoshonwa. Lebo hiyo hutaja uzito unaoruhusiwa kubebwa, aina ya nyuzi, jina la mtengenezaji na namba ya utambulisho. Kwa kanuni za Ulaya, lebo ya buluu ni ya poliesta, ya kijani ni ya nailoni, na ya kahawia ni ya polipropilini. Rangi ya mkanda wenyewe ni jambo jingine, nayo huonyesha uzito: zambarau ni tani 1, kijani tani 2, manjano tani 3, kijivu tani 4, nyekundu tani 5, kahawia tani 6, buluu tani 8, na rangi ya machungwa ni tani 10 au zaidi. Hata hivyo si watengenezaji wote duniani wanaofuata rangi hizo. Kwa hiyo rangi ni ukumbusho tu. Neno la mwisho ni la lebo. Mkanda usio na lebo, au wenye lebo isiyosomeka, usitumike kabisa hata ukionekana mpya.

Kwa kanuni hizo hizo, mkanda mpya wa tani 1 haupaswi kukatika kabla ya kufikia tani 7. Yafaa ieleweke kwamba akiba hiyo si ruhusa ya kuongeza mzigo. Imewekwa kwa ajili ya mishtuko, uchakavu na mambo ambayo jicho haliyaoni.

Namna ya kufunga na pembe ya mikanda

Uwezo ulioandikwa katika lebo ni ule wa mkanda mmoja uliosimama wima. Mkanda ukifungwa kwa kitanzi cha kukaba mzigo, uwezo hushuka hadi sehemu 8 katika 10. Mkanda wa tani 2 utabeba kilo 1,600 tu. Ukipitishwa chini ya mzigo kama mbeleko, na pande zote mbili zikapanda wima, uwezo huwa mara mbili. Lakini mzigo ulio katika mbeleko moja waweza kuteleza na kupinduka. Ni bora kutumia mbeleko mbili zilizotenganishwa vizuri.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni pembe. Tuchukue mfano wa injini yenye uzito wa kilo 2,000, inayonyanyuliwa kwa mikanda miwili inayokutana kwenye ndoano moja. Mikanda ingalikuwa wima, kila mmoja ungalibeba kilo 1,000. Kila mmoja ukiinama digrii 30 kutoka wima, hubeba takriban kilo 1,155. Kwa digrii 45 hubeba takriban kilo 1,415. Kwa digrii 60 kila mkanda hubeba kilo 2,000 kamili, yaani kana kwamba injini zimekuwa mbili. Kupita digrii 60 ni marufuku.

Katibu atakayenunua mikanda miwili ya zambarau kwa injini hiyo, akisema kwamba tani 1 na tani 1 ni tani 2, atakuwa amekosea. Mikanda hiyo ikiinama hata kufikia digrii 45, uwezo wake kwa pamoja huhesabiwa kuwa kilo 1,400 tu. Inayofaa ni miwili ya kijani, na iwe mirefu ya kutosha ili isitanuke mno.

Mambo ya kukataza

Mkanda usifungwe fundo wala usisokotwe ili kuufupisha, kwa kuwa fundo hula sehemu kubwa ya nguvu zake. Usipitishwe juu ya ukingo mkali wa chuma bila kikinga kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Gunia lililokunjwa halitoshi, kwani ukingo hulipenya. Usivutwe kutoka chini ya mzigo uliokwisha kuukalia. Mikanda ya kufungia mizigo ndani ya lori isitumike kunyanyulia, kwa sababu akiba yake ya nguvu ni ndogo zaidi.

Ipo pia mikanda inayofika pamoja na bidhaa, ambayo imetengenezwa kwa safari moja tu. Mkataba Na. 152 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1979, uhusuo kazi za bandarini, unasema wazi kwamba mikanda ya namna hiyo isitumiwe tena. Vivyo hivyo magunia makubwa ya mbolea yenye vishikio vinne: yale ya safari moja yasijazwe mbegu wala kokoto na kunyanyuliwa mara ya pili.

Wakati wa kunyanyua, mzigo uinuliwe kidogo tu kutoka chini, kisha usimamishwe ili kuangalia kama umekaa sawa. Mtu mmoja tu ndiye atoe ishara kwa mwendesha kreni au winchi. Asiwepo mtu yeyote chini ya mzigo, na watazamaji, hasa watoto, wawekwe mbali.

Ukaguzi na utunzaji

Mkanda ukaguliwe kila mara kabla ya kutumiwa, kwa kuupitisha mkononi kutoka ncha hadi ncha. Ukionekana umekatwa ukingoni, umeungua, umekakamaa au kubadilika rangi kwa dawa, au mshono umefumuka, uondolewe kazini. Mkanda wa mviringo ambao ala yake imechanika hata nyuzi za ndani zikaonekana, maisha yake yamekwisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa mkanda hauzibwi, wala hakuna kushona kiraka.

Zaidi ya hayo, mtu mwenye ujuzi aukague angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi kazi ikiwa nzito. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa wafanyakazi wake, na chama kinachoajiri hakikuachwa nje. Katibu afungue daftari lenye namba ya kila mkanda, tarehe ya kununuliwa, uwezo wake, tarehe za ukaguzi na sahihi ya mkaguzi.

Mikanda itundikwe ghalani, mahali pakavu pasipo jua, mbali na mapipa ya mafuta na dawa, na mahali ambapo panya hawafiki. Ikichafuka ioshwe kwa maji safi na kuanikwa kivulini, kamwe isikaushwe motoni.

Mkanda uliokataliwa ukatwe vipande vipande siku hiyo hiyo. Ukitolewa mzima ili ukafungie ng'ombe, huenda siku ya shida ukarudi ghalani, na mtu asiyejua habari zake akautundika katika ndoano. Bei ya mkanda mpya ni ndogo ikilinganishwa na bei ya mashine, na uhai wa mwanachama hauna bei.