Gari la Kilomita 300,000 kwa Dereva wa Miaka 18

Msimu wa kahawa unapofunguliwa, fedha huingia kwa mkupuo katika nyumba za wakulima wa Karagwe na Kyerwa, na maamuzi makubwa ya mwaka hufanywa ndani ya wiki chache: karo, bati, ng'ombe, kiwanja, na siku hizi gari. Mara nyingi gari hilo si la mzazi. Hununuliwa kwa ajili ya kijana aliyemaliza kidato cha nne, ili abebe ndizi hadi gulioni na abiria kati ya Nkwenda na Kayanga. Wapo wanaoharakisha jambo hilo kwa kuuza kahawa ingali maua mtini, biashara iitwayo butura ambayo serikali imekuwa ikiikataza. Mzazi wa namna hiyo hufika kwa muuzaji akiwa na fedha pungufu na haraka nyingi.

Swali la kwanza analouliza ni lile lile kila mahali: limetembea kilomita ngapi? Kwa anayefikiria injini, swali hilo lina maana. Kwa anayefikiria mwili wa kijana atakayeketi nyuma ya usukani, linaweza kungoja.

Sababu ya kungoja ni kwamba tarakimu hiyo ndiyo rahisi zaidi kudanganya. Kilomita hurudishwa nyuma, kwa kifaa kidogo katika magari ya dashibodi ya kidijitali na kwa mkono katika yale ya zamani. Herufi ya kibao cha namba nayo hupotosha. Wanunuzi husema "hili ni namba D" kana kwamba wametaja umri wa gari, ilhali herufi hiyo huonyesha tu lini gari lilisajiliwa Tanzania. Gari lililotengenezwa mwaka 2003 laweza kuwa lilifanya kazi Japani zaidi ya miaka kumi kabla ya kupakiwa melini. Mwenye nafasi na aombe nakala ya cheti cha kusafirisha gari nje ya Japani, kwa kuwa huwa na kumbukumbu ya kilomita. Asiye nacho na atazame vitu visivyorudishwa nyuma: kanyagio la breki lililolika hadi chuma, usukani uliong'aa, kiti cha dereva kilichobonyea upande wa mlango. Dashibodi inayodai kilomita 90,000 juu ya kanyagio la namna hiyo imekwisha kujishitaki yenyewe.

Gari lililotembea kilomita 300,000 kwa mmiliki aliyelitunza huenda likamfaa kijana kuliko lenye 120,000 lililogongwa, likanyooshwa na kupakwa rangi mpya. Injini iliyochoka huzimika kilimani na kumchelewesha mtu. Breki zilizochoka hazimpi mtu nafasi ya kuchelewa.

Hapo ndipo suala hili linapoingia hospitalini. Shirika la Afya Duniani huhesabu ajali za barabarani kuwa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilikadiria vifo vya watu milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya tisa katika kila kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mkanda wa usalama unaweza kupunguza hatari ya kifo cha dereva na abiria wa mbele kwa hadi nusu. Hakuna kifaa kingine katika gari kuukuu chenye uwezo huo kwa bei hiyo, na hakuna kinachopuuzwa zaidi wakati wa kununua. Mnunuzi atafungua boneti mara tatu asivute mkanda hata mara moja.

Kuupima hakuhitaji fundi. Huvutwa wote mpaka mwisho, ukatazamwa kama umechanika, umeungua au umeshonwa. Kisha huvutwa kwa ghafla: usiposhika, haufai. Usiorudi wenyewe huenda ulikwisha kufanya kazi yake katika ajali ambayo muuzaji hakuitaja. Kazi hiyo na irudiwe kwa kila kiti, si cha dereva peke yake, kwa sababu abiria wa nyuma asiyefunga mkanda hugeuka mzigo unaompiga aliye mbele. Mtoto aliyepakatwa huponyoka mikononi, hata mama awe na nguvu kiasi gani.

Mifuko ya hewa inataka uangalifu wa pekee. Swichi inapowashwa, taa yake kwenye dashibodi lazima iwake kwa sekunde chache kisha izimike. Taa inayobaki imewaka ni habari mbaya, na isiyowaka kabisa ni mbaya zaidi, maana huenda mtu ameing'oa ili asiulizwe. Aidha, magari mengi ya Japani ya miaka ya 2000, Toyota zikiwemo, yaliitwa na watengenezaji kwa sababu ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata. Kemikali iliyomo huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na mfuko unapofumuka hurusha vipande vya chuma usoni na shingoni mwa dereva. Wito huo hauishi gari linapouzwa nchi nyingine. Namba ya chesisi huweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, kazi ambayo kijana mwenye simu humaliza kwa dakika chache.

Chini ya gari kuna mengine. Yapo magari yaliyotoka kaskazini mwa Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha theluji, nayo huliwa na kutu upande wa chini huku bodi iking'aa. Fundi asiye rafiki wa muuzaji na aliinue gari kwa jeki na kulikita vizuri, atikise matairi kutafuta boljointi na tairodi zilizolegea, kisha ajaribu breki. Mafuta ya breki yasiyobadilishwa kwa miaka hunyonya unyevu. Katika mteremko mrefu huchemka, na kanyagio likazama bila kushika. Anayevijua vilima vya wilaya hizi hahitaji kuelezwa zaidi. Nje ya lami inayotoka Kyaka hadi Bugene, sehemu kubwa ya safari ni changarawe na vumbi, na wakati wa mvua ni tope.

Tairi hubeba tarehe yake ubavuni. Tarakimu nne za mwisho za alama inayoanza na DOT ni wiki na mwaka: 1214 ni wiki ya 12 ya mwaka 2014. Lililopita miaka kumi halifai, hata kama kashata zake bado ni nzima, kwa kuwa mpira huzeeka hata likikaa ghalani.

Hatari moja haionekani wala hainuki. Ekzosi iliyotoboka chini ya sakafu iliyolika huweza kuingiza gesi ya kaboni monoksidi ndani ya gari, hasa vioo vikifungwa kwa sababu ya baridi ya alfajiri au vumbi. Abiria huumwa kichwa, hupata kichefuchefu na usingizi. Katika zahanati dalili hizo hufanana na nyingi nyingine. Mhudumu anayempokea dereva au abiria wa namna hiyo, kipimo cha malaria kikiwa safi, afanye vema kuuliza amesafiri na gari gani na kama wenzake nao waliumwa.

Wazazi wengine, wakishasikia haya, huamua kumnunulia kijana pikipiki. Uamuzi huo haumwokoi. Kwenye gari bovu, angalau kuna chuma na mkanda kati yake na barabara. Kwenye pikipiki kuna kofia, akiivaa.

Gari likishapita ukaguzi, anabaki dereva. Leseni ya gari haitolewi kwa aliye chini ya miaka 18, na bima ya mtu wa tatu, ambayo ni ya lazima, haimtibu dereva mwenyewe. Miezi ya kwanza ya kuendesha peke yake ndiyo yenye ajali nyingi. Hatari huzidi usiku, na huzidi tena kijana anapowapakia vijana wenzake. Mzazi anayekabidhi ufunguo anayo haki ya kuweka masharti: mchana tu kwa miezi sita, hakuna marafiki garini, simu izimwe. Kijana mwenye kifafa, au anayetumia dawa zinazoleta usingizi, azungumze na daktari kabla ya gari kununuliwa.

Hata hivyo kijijini lipo sharti moja ambalo halishiki. Usiku mama mjamzito anapoanza kuvuja damu katika kitongoji cha mbali cha Kyerwa, mlango unaogongwa ni wa mwenye gari, na kijana ndiye anayeamshwa. Safari yake ya kwanza ya usiku huwa ndiyo ngumu kuliko zote: mtu analia nyuma, ndugu wanahimiza, barabara haina taa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Dakika zinazookolewa kwa kukimbia kati ya kitongojini na hospitali ya Isingiro au Nyakahanga ni chache. Zinazookolewa kwa kupiga simu mapema ni nyingi. Namba 115 ya m-mama hupigwa bila malipo kwa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga, na gari la wagonjwa lisipopatikana mfumo huo huwatumia madereva wa jamii waliosajiliwa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waieleze namba hiyo kwa familia zenye magari pia, wala si kwa wajawazito pekee.

Mjamzito anayeweza kuketi afungwe mkanda: ukanda wa chini upite chini ya tumbo juu ya nyonga, wa juu upite katikati ya matiti. Ndugu hukataa wakidhani utamwumiza mtoto. Mara nyingi pia hujibu kwamba kiti cha nyuma hakina mkanda. Fundi wa viti alipovalisha kava mpya alizifunika ndimi na vishikio vyake, navyo vimelala chini ya kiti tangu gari liliposhushwa bandarini. Kuinua kiti na kuvitoa ni kazi isiyozidi nusu saa, na yafaa ifanyike siku ile ile gari linapoingia uani.