Donge la Shingoni: Kukata au Kutokata?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, mikataba na saa za kazi. Safari hii tunazungumza juu ya shingo. Kwa muda sasa wanachama wetu, hasa akina mama wanaofanya kazi za samaki, usafi na mapishi kuanzia Palma hadi Mocímboa da Praia, wamekuwa wakituuliza jambo moja: nimeota donge shingoni, daktari anasema likatwe, je, nikubali au nikatae? Chama si hospitali, na mwandishi wa makala haya si daktari. Lakini mfanyakazi anayelazwa juu ya meza ya upasuaji bila kujua kinachokatwa hana tofauti na yule anayetia dole gumba kwenye mkataba asiousoma. Mkataba tunaweza kuudai urekebishwe mwaka ujao. Tezi ikishatolewa hairudi.

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, kila mtu ana tezi yenye umbo la kipepeo. Madaktari huiita thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni inayoongoza mwendo wa mwili mzima, yaani mapigo ya moyo, joto, nguvu za kazi, hedhi, na hata kukua kwa akili ya mtoto aliye tumboni. Tezi hii haiwezi kufanya kazi bila madini joto, ambayo wengine huyaita ayodini. Ikiyakosa kwa muda mrefu hujitanua, na huo uvimbe ndio tunaouita rovu. Wakati mwingine haivimbi yote bali huota donge moja au mengi ndani yake.

Wazee wa pwani husema mla samaki hapati rovu. Maneno hayo ni kweli nusu. Samaki wa baharini wana madini joto, lakini chumvi yetu tunayoianika wenyewe, ingawa imetoka baharini humo humo, karibu haina kitu mpaka itiwe madini hayo kwa makusudi. Tena tunakula mhogo. Mhogo mchungu usiolowekwa na kuanikwa sawasawa una sumu, na mwili unapoipunguza makali sumu hiyo, kinachobaki huizuia tezi isichukue madini joto. Watu wa Nampula wanaijua sumu hiyo kwa njia nyingine: wakati wa ukame wa mwaka 1981, zaidi ya watu 1,000 katika mkoa huo, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa kula mhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka ya njaa. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa. Familia zilizokimbia vita na kuishi kwa mhogo na chumvi ya kuokoteza zina sababu ya kuangalia shingo zao.

Hata hivyo tusidanganyane. Chumvi yenye madini joto huwakinga watoto wetu, lakini donge lililokwisha kukomaa kwa mtu mzima haliyeyuki kwa chumvi, wala kwa mwani, wala kwa chale. Na wapo wengi wanaoota donge ingawa hawakukosa madini joto hata siku moja. Wanawake huota mara kadhaa zaidi kuliko wanaume.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe, ambayo ni kansa. Kati ya madonge 100 ya tezi hii yanayopimwa, kiasi cha 90 hadi 95 si kansa. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ambayo mfanyakazi aijue kabla hajauza mbuzi au mtumbwi kutafuta fedha za upasuaji. Lakini zipo dalili zisizongojea: donge gumu linalokua haraka kwa majuma machache, sauti iliyokwaruza bila mafua na haitengenei, uvimbe mwingine ubavuni mwa shingo, kumeza kwa shida, au kukosa pumzi ukilala chali. Mwenye mojawapo ya hizo aende hospitali juma hili hili. Donge kwa mtoto nalo lisingojewe.

Kwa asiye na dalili hizo, kupima hutangulia kukata. Kwanza ni damu, kwa kipimo kiitwacho TSH, ambacho huonyesha kama tezi inafanya kazi kupita kiasi, pungufu au sawasawa. Wapo wenzetu waliokonda, mikono ikitetemeka na moyo ukienda mbio, wakatibiwa malaria mara tatu au wakaambiwa wamerogwa, kumbe ni tezi. Hao ni lazima watulizwe kwa dawa kwanza, maana kupasuliwa katika hali hiyo ni hatari. Pili ni ekografia, ile picha isiyouma ambayo akina mama wajawazito wanaijua. Tatu ni sindano nyembamba: daktari huchoma donge, huvuta chembe kidogo, na mtaalamu huzitazama kwa darubini.

Hapo kwenye sindano ndipo shida yetu ya kaskazini ilipo. Wataalamu wa kusoma chembe hizo katika nchi yetu wako zaidi katika hospitali kuu za Maputo, Beira na Nampula. Kutoka Palma mpaka Pemba tu ni kiasi cha kilomita 400, na Nampula iko mbele zaidi. Ndiyo sababu mgonjwa anaweza kuambiwa: tukate kwanza, tutapima baadaye. Daktari anayesema hivyo si lazima awe mtu mbaya, huenda hana pa kupeleka chembe. Lakini mgonjwa ana haki ya kumwuliza: je, nikipewa guia ya kwenda Nampula kupimwa, nitapoteza nini kwa kungoja? Kwa madonge mengi jibu ni kwamba hapotezi kitu.

Tumewaona wanachama wawili walioamua tofauti, na kwa maoni yetu wote wawili waliamua sawa. Mmoja ni mpishi. Donge lake lilikuwa dogo, damu ilikuwa safi, na sindano haikuona kansa. Alikataa kisu, na sasa hurudi kupigwa ekografia kwa tarehe anazopangiwa. Jirani zake walimcheka kwamba anaogopa. Wa pili ni mchuuzi wa ng'onda ambaye rovu lake lilikuwa limefika kifuani, naye alikuwa akilala ameketi kwa miezi. Huyo kungoja kusingemsaidia kitu. Alikatwa upande mmoja, na leo analala chali kama watu.

Neno hilo, upande mmoja, ndilo tunalotaka kila msomaji alishike. Tezi ina pande mbili. Ikitolewa nusu, takriban watu wanne kati ya watano huendelea kuishi bila dawa yoyote, maana nusu iliyobaki hutosha. Ikitolewa yote, mtu atameza kidonge kila siku mpaka kufa kwake. Jambo hili lilijulikana kwa gharama kubwa. Daktari Theodor Kocher wa mji wa Bern, Uswisi, alikuwa hodari wa kukata marovu kuliko wengine wote wa wakati wake, hata akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1909. Lakini mwaka 1883, alipowaita wagonjwa wake wa zamani awatazame, aliwakuta wengi wa wale aliowatoa tezi yote wamevimba uso, wamepoa, wamekuwa wazito wa akili. Mkono wake haukukosea mahali, ila alikuwa ametoa kitu ambacho mwili hauwezi kuishi vizuri bila hicho. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Uingereza alimdunga mama mmoja, ambaye tezi yake ilikuwa imekufa, maji yaliyokamuliwa katika tezi za kondoo. Mama huyo aliishi miaka 28 zaidi. Kidonge cha siku hizi, levothairoksini, ni mtoto wa dawa hiyo.

Kidonge hicho ni kizuri na si cha ghali sana. Humezwa asubuhi kwa maji matupu, nusu saa au zaidi kabla ya chai. Ukikosa siku mbili tatu hudhuriki, maana homoni hukaa mwilini. Ukikosa majuma mengi unaanza kuona baridi, kuvimba, kulegea, na mwisho wake ni kupoteza fahamu. Sasa tujiulize sisi wa pwani hii. Tangu vita yetu mpya ilipoanza tarehe 5 Oktoba 2017 kule Mocímboa da Praia, na tangu Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, ni wangapi waliokimbilia porini au baharini na nguo walizovaa tu? Wenye presha na kisukari walikaa majuma bila dawa. Kwa hiyo, mahali ambapo barabara hufungwa na duka la dawa huungua, kutoa tezi yote ni uamuzi mzito kuliko ulivyo kwa mtu wa Lisbon. Ikiwa ni kansa inayodai itolewe yote, itolewe, na kidonge kiwekwe akiba pamoja na hati za nyumba. Ikiwa si kansa, mwulize daktari wazi: kwa nini yote, kwa nini si nusu?

Kuna na sauti. Nyuma ya tezi hupita mishipa ya fahamu inayoendesha sauti. Mpasuaji mzoefu huijeruhi kabisa kwa mtu mmoja au wawili tu kati ya 100, lakini mwalimu wa chuo, mnadi samaki (na sisi waandalizi wa chama, ambao hatuna chombo kingine cha kazi) tuuliza: daktari, umekata shingo ngapi mwaka huu? Si utovu wa adabu. Fundi wa jahazi tunamwuliza amejenga mangapi. Vilevile, baada ya kukatwa usikubali kurudishwa nyumbani siku ile ile, kwa sababu damu ikivuja ndani ya shingo katika saa 24 za kwanza huziba pumzi. Midomo na vidole vikifa ganzi, sema upesi, ni upungufu wa kalsiamu.

Wenye fedha nao wasidhani kupima sana ndiko kupona. Korea ya Kusini, baada ya watu wazima kuanza kupigwa ekografia za shingo bila dalili, kansa za tezi zilizogunduliwa mwaka 2011 zilikuwa mara 15 ya zile za mwaka 1993, na waliokufa kwa kansa hiyo hawakupungua. Maelfu walikatwa vitu ambavyo visingewadhuru.

Mwisho ni upande wa kazi. Kutokuwapo kazini kwa ugonjwa uliothibitishwa na hospitali si utoro, na mwajiri hana ruhusa ya kuuandika utoro. Anayeandikishwa INSS hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 4, na katika fungu hilo hutoka malipo ya ugonjwa. Hakikisha kabla ya kulazwa kwamba fedha hizo zimepelekwa kweli, maana wapo wanaokata bila kupeleka. Wanaovuka Ruvuma kwenda kwa ndugu zao na kutibiwa Ligula au Ndanda warudi na karatasi zote, pamoja na jibu la darubini na jina la kilichokatwa, nusu au yote. Karatasi za kule zimeandikwa Kiingereza, na daktari wa Pemba husoma Kireno. Zileteni ofisini kwetu, tutatafuta mtu wa kuzifasiri kabla hujarudi kwa daktari.