Konea mpya: kazi kubwa huanza ukirudi nyumbani

Mgonjwa wa Garissa anayehitaji kupandikizwa konea hufunga safari ya kilomita 370 hivi hadi Nairobi, kwenye hospitali kama Lions SightFirst iliyoko Loresho. Akirudi, majirani humpa pongezi kwamba amepona. La, bado. Kilichokwisha ni upasuaji tu.

Konea ni utando angavu ulio mbele ya mboni, mfano wa kioo cha dirisha. Ukiingia kovu kwa jeraha au maradhi, mtu huona ukungu. Daktari hukata sehemu iliyoharibika na kushona mahali pake konea ya mtu aliyefariki. Eduard Zirm alifanikisha upasuaji huu tangu Desemba 1905, mjini Olomouc.

Konea haina mishipa ya damu, kwa hiyo hupona polepole. Nyuzi zaweza kukaa mwaka mzima au zaidi, na uoni hubadilika-badilika muda huo wote. Asiyeona vyema mwezi wa pili asikate tamaa.

Hatari kubwa ni mwili kuikataa konea ngeni. Dalili ni nne: jicho kuwa jekundu, kuuma, kuumizwa na mwanga, na kuona kufifia. Zaweza kutokea baada ya wiki chache au hata miaka. Zikiwahiwa, mara nyingi matone ya steroidi huiokoa konea, zikicheleweshwa, hupotea. Basi usingoje tarehe ya kliniki.

Uzi nao hulegea, ukahisi kama mchanga jichoni, na vijidudu vikapata njia. Tena matone yale yale ya steroidi yaweza kupandisha presha ya jicho, ambayo mwanzoni haiumi. Ndiyo maana lazima upimwe hata kama huna shida.

Kwetu kuna vumbi na jua kali. Vaa miwani mchana na kinga ya jicho usiku, wala usilifikiche. Chupa ya dawa isiachwe kwenye joto la gari. Asali, maziwa na mitishamba visiingie jichoni kabisa.

Ibada pia ina njia yake. Muulize daktari ni lini utaweza kusujudu na kutia maji usoni, kisha shehe akuelekeze namna ya kuswali kwa sasa. Ramadhani isiwe sababu ya kukata dawa: Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Jeddah mwaka 1997, lilisema matone ya macho hayabatilishi saumu, mradi mtu asimeze kinachofika kooni.

Kabla hujaondoka Nairobi, chukua nambari ya simu ya kliniki, chupa ya dawa ya akiba, na barua ya kumwonyesha mhudumu wa macho wa karibu nawe. Na nauli ya kurudi kwa dharura iwekwe kando mapema. Jicho likianza kuwa jekundu, si wakati wa kuanza kuchanga.