Vipimo vya dhahabu: Mpangilio ukivurugika, mtaji huzama

KATIKA ukanda wa dhahabu wa Kahama hadi Geita, wachimbaji wadogo wengi hukadiria utajiri wa mawe kwa macho. Hutwanga kidogo, huosha kwenye karai na kutazama dhahabu inayobaki.

Njia hiyo ni ya haraka, lakini haisemi ni gramu ngapi zimo katika kila tani. Kwa anayenunua marudio ili ayachenjue kwa sianidi, namba hiyo ndiyo biashara yenyewe.

Chukua mfano wa lundo la tani 100. Majibu yakionyesha gramu tatu kwa tani, mnunuzi huhesabu kuwa humo mna gramu 300. Kumbe ukweli ni gramu moja: zimo gramu 100 tu, na hata hizo hazitoki zote. Wakati huo sianidi, chokaa, dizeli na vibarua vimekwisha kulipiwa.

Mara nyingi kosa haliko kwenye mashine ya mwisho. Kipimo cha dhahabu ni mnyororo wa hatua, na kila hatua hupokea kilichotoka katika hatua iliyotangulia.

Sampuli hukaushwa, hupondwa, hugawanywa na kusagwa iwe unga laini. Unga huo, kwa kawaida gramu 30 au 50, huchanganywa na oksidi ya risasi, magadi na boraksi, kisha huyeyushwa katika tanuru lenye joto la nyuzi 1,100 hivi. Risasi hubeba dhahabu, nayo huondolewa katika tanuru la pili. Punje inayobaki huyeyushwa kwa tindikali na kusomwa na mashine.

Katika maabara za kisasa mashine hujiendesha. Hufuata orodha iliyo kwenye kompyuta, mstari kwa mstari. Chupa moja ikirukwa, majibu yote yanayofuata huangukia mawe ya watu wengine.

Ndiyo maana migodi mikubwa, kama ule wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, haiamini namba bila ushahidi. Katika kila kundi la sampuli huchanganywa za kupima maabara yenyewe.

Ya kwanza ni sampuli tupu, yaani jiwe lisilo na dhahabu. Hii hufaa kuwekwa mara baada ya jiwe linalodhaniwa kuwa tajiri. Ikionyesha dhahabu, kinu hakikusafishwa. Ikiwekwa kabla ya jiwe hilo, haitagundua uchafu huo.

Ya pili ni sampuli rejea, ambayo kiwango chake kinajulikana. Ikikosea, kundi zima hurudiwa. Ya tatu ni sampuli pacha: mawe yaleyale kwa namba tofauti.

Hata hivyo, maabara nzuri haiwezi kuokoa sampuli iliyoharibiwa mapema. Mwaka 1997 kampuni ya Bre-X ya Kanada iliporomoka baada ya kugundulika kuwa sampuli zake za Busang, Indonesia, zilikuwa zimetiwa dhahabu kabla ya kufika maabara. Vipimo vilisoma sawasawa kilichowekwa mbele yake. Wawekezaji wakapoteza mabilioni ya dola.

Mnunuzi wa marudio wa Lwamgasa au Kakola anaweza kujilinda kwa gharama ndogo. Achukue sampuli mwenyewe, sehemu nyingi za lundo, juu na chini. Achanganye vizuri, agawe mara nne, na abakize akiba iliyofungwa. Aandike namba zake katika daftari, kisha aongeze sampuli tupu na pacha bila kuiambia maabara ni zipi.

Majibu yakirudi, aanze na hizo mbili. Zikikataa, asitazame nyingine. Aombe kipimo kirudiwe. Zikikubali, ndipo asome gramu za lundo na kupiga hesabu ya bei.

Maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) iko Dodoma. Safari hiyo ni ndefu, lakini ada ya vipimo vichache ni ndogo kuliko tangi zima la sianidi lililomwagwa juu ya mchanga mtupu.